Usukani wa upepo: siku 21 peke yangu, Mindelo hadi Martinique

Siku 21, maili 2,100 za baharini, kutoka Mindelo, visiwani Cape Verde, hadi Martinique katika Karibiani, na mimi mwenyewe nilishika kana, ule mkono wa usukani, kwa saa ambazo nikizijumlisha hazifiki sita. Muda wote uliobaki, ukiondoa siku mbili za upepo mfu, chombo kiliongozwa na bawa la plaiwudi, kasia la chuma na kamba mbili. Mtambo huu unaitwa usukani wa upepo. Ninao mwaka wa pili sasa, nimevuka nao Atlantiki, na kwa kuwa swali la kwanza ninaloulizwa na watu wa nyumbani ni "ulikuwa unalala vipi?", jibu lake ni hili hapa, uzuri wake na ubaya wake.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu. Bahari niliianza kwenye jahazi la ami yangu, tukipeleka boriti za mikoko Mombasa. Kule zamu ya usukani ina wenyewe. Ukichoka unamgusa mwenzako begani, unajilaza juu ya shehena. Ami alikuwa anakaa tezi, nyuma kabisa, kana kaiegemeza kwenye paja, hasemi na mtu. Upepo alikuwa akiusikia shavuni, na jahazi halikuyumba. Siku hizi naishi kusini-magharibi mwa Uingereza, natengeneza mashua za watu, na chombo changu ni cha faibaglasi, futi 28, mlingoti mmoja, kimeundwa 1974. Usukani wangu wa upepo nimeupa jina la Ami. Nilipoufunga mara ya kwanza na kuuona unavyokaa pale tezi kimya, ukisikiliza upepo, sikupata jina jingine.

Niliununua mtumba kwa pauni 1,100, kwa mzee aliyeacha bahari kwa sababu ya magoti. Mpya ungenigharimu mara nne au zaidi. Jina la kiwanda siliandiki, kwa sababu huu wangu umeshapita mikono mitatu, na kila mmoja amebadilisha kitu chake. Si haki kukisifu wala kukilaumu kiwanda kwa kazi ya watu wengine. Ninachokisema hapa kinahusu aina nzima ya mitambo hii ya kasia linaloning'inia, ambayo inafanana sana popote ilipoundwa.

Unavyofanya kazi ni hivi. Juu kuna bawa jembamba la plaiwudi lililosimama wima, ukingo wake ukiukabili upepo. Chombo kikiwa njiani sawasawa, upepo unapita pande zote mbili na bawa linabaki limesimama. Chombo kikipinda kidogo, upepo unalipiga bawa ubavuni, linalala. Kulala huko kunazungusha kasia lililo ndani ya maji, nyuzi chache tu. Sasa maji yanayopita kwa kasi yanalikuta kasia limekaa upande, yanalisukuma kwa nguvu kubwa, na kasia linavuta kamba zinazokwenda kwenye kana. Chombo kinarudi njiani, bawa linasimama tena. Bawa langu lina uzito wa kitabu kidogo, lakini kamba ile inapovuta, mkono wangu hauizuii. Nguvu ni ya maji. Upepo unaleta habari tu. Na hakuna hata tone la umeme.

Aliyeufikisha mtambo wa aina hii mahali pa kuaminika ni Mwingereza Blondie Hasler. Mwaka 1960 mabaharia watano walishindana kuvuka Atlantiki kutoka Plymouth hadi New York, kila mmoja peke yake chomboni. Francis Chichester alifika wa kwanza kwa siku 40, naye alikuwa na bawa lake alilolipa jina la Miranda. Hasler alifika wa pili kwa siku 48, katika kimashua kidogo kuliko changu. Kabla ya hapo, aliyesafiri peke yake ilibidi ategemee chombo kilichozaliwa na uwezo wa kujishika, kama Spray ya Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake, kati ya 1895 na 1898. Vyombo vya namna hiyo ni vichache. Changu hakimo.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti ni kwamba usukani wa upepo haufichi makosa yako. Wiki yangu ya kwanza nao, kule Uingereza, niliutukana. Chombo kilikuwa kinakwenda mrama kama cha mlevi, kinapanda joshini, upande unakotoka upepo, kinaanguka, kinapanda tena. Nikafungua kila nati nikitafuta ubovu, kumbe ubovu ulikuwa kwenye tanga kuu nililolibana mno. Siku hizi kabla ya kuufunga nashika kana kwa vidole viwili. Ikinivuta, kuna kitu hakijakaa sawa: nalegeza tanga kuu au nalikunja mara moja, naacha tanga la omo, lile la mbele, livute. Chombo kikishataka chenyewe kwenda ninakotaka, hapo ndipo nageuza bawa likutane na upepo, nabana mnyororo wa kamba zake kwenye kana, natoa mkono. Ami wa kweli alikuwa hivyo hivyo. Tanga likikaa vibaya haoneshi ubingwa wa kulishindania, anaita watu walirekebishe.

Nilitoka Mindelo mwezi wa Januari. Kati ya São Vicente na Santo Antão upepo unabanwa na milima ya visiwa viwili, unaongezeka mpaka kamba zinalia, na pale nilishika kana kwa mkono saa mbili nzima kwa sababu meli za abiria zinavuka. Milima ilipobaki nyuma nikamkabidhi Ami. Upepo wa kaskazini-mashariki, noti 18 hadi 22, yaani maili hizo za baharini kwa saa, nyuma yetu upande wa kulia. Siku kumi zilizofuata sikuigusa kana kwa zaidi ya dakika chache.

Watu wanadhani mtu aliye peke yake baharini anakaa akitazama maji. Kazi haiishi. Saa yangu ya mkononi niliiacha na saa za Mindelo, na kila siku jua lilichelewa kuchomoza kwa dakika kama saba, kwa sababu tulikuwa tunalikimbia kuelekea magharibi. Kufika Martinique jua na saa vimeachana kwa zaidi ya saa mbili. Nikarudi kwenye hesabu ya nyumbani: jua likitoka ni saa kumi na mbili, likitua ni saa kumi na mbili tena, na kilichopo katikati nakikadiria kwa jua lenyewe. Hesabu hiyo haikunisumbua hata siku moja.

Alfajiri naamka, natazama pande zote, natazama kifaa cha AIS, kinachopokea ishara za meli zilizo karibu, kama kuna meli, kisha natawadha kwa kikombe cha maji na kuswali nikiwa nimekaa, mgongo kwenye mlango wa kibanda. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo halikunipitia akilini nchi kavu. Tulikuwa tunakwenda magharibi, kwa hiyo kibla kilikuwa tezi, kushoto kidogo ukitazama nyuma. Kila swala, kwa siku 21, nilimswalia Mola wangu nikiwa nimekabili upepo usoni, na mbele yangu bawa lile likiinama na kuinuka. Simpi mtambo cheo kisicho chake. Nasema tu kwamba kama ningekuwa nimeshika kana, swala zile ningeziswali huku jicho liko kwenye dira.

Baada ya swala ni kuzunguka sitaha, mkanda wa usalama umefungwa, kutazama kila kamba inayopita kwenye kapi, gurudumu la kamba, na kuwaokota panzi wa bahari, wale samaki warukao, waliojitupa usiku. Wadogo narudisha, wakubwa ni kitoweo. Kisha chai ya tangawizi. Saa nne napika chakula cha siku nzima mara moja: wali kwa tui la unga, dengu, na siku mbili za bahati, felusi aliyenasa kwenye mshipi. Jiko linaning'inia ili lifuate mrama wa chombo, na mimi najifunga ukanda kiunoni ili mikono yote miwili ibaki huru. Mikono miwili huru ni jambo kubwa kwa mtu aliye peke yake. Nilikata vitunguu. Nilishona tanga lililofumuka futi moja. Nilimwandikia mama ujumbe mfupi kwa kifaa cha setilaiti kila jioni, naye alijibu kila mara neno moja, "Alhamdulillahi", hata siku alipokuwa na homa, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye.

Usiku nalala vipande vipande. Karibu na nchi kavu nalala dakika 20, kwa kuwa meli kubwa inaweza kutoka upeo wa macho hadi ubavuni pako kwa muda kama huo. Katikati ya bahari, kengele ya AIS ikiwa imewashwa, nilijiruhusu dakika 40, mara nyingine saa nzima. Kanuni za bahari zinataka mlinzi awe macho muda wote, na anayesafiri peke yake hawezi kulitimiza hilo. Ajue analofanya, awashe taa zake, na asidanganywe na uzuri wa mtambo. Usukani wa upepo hauoni meli.

Ninachokumbuka zaidi ni sauti yake. Kamba inapopita kwenye kapi ya kulia inalia "krii", kasia linapogonga mwisho wa mwendo wake linasema "tak". Krii, tak. Krii, krii, tak. Baada ya siku tatu nilikuwa siisikii tena, kama mtu wa ufuoni asivyosikia mawimbi. Usiku wa nane niliamka kabla ya kengele, moyo unakwenda mbio, sijui kwa nini. Nikakaa kitandani nikisikiliza. Krii haikuwepo. Kabla sijavaa mkanda chombo kikapanda joshini, matanga yakaanza kupiga makofi, kila kitu kilichokuwa kwenye rafu ya kushoto kikamwagika. Nikatoka na taa ya kichwani. Kamba ya upande wa demani, unakoelekea upepo, ilikuwa imekatika kwenye kapi ya chini. Ncha yake imechanuka nyuzi nyuzi kama ua la pamba, gamba la juu limesagika likawa unga mweupe uliojaa kwenye roda. Nilifunga kana kwa kipande cha mpira, nikapitisha kamba ya akiba kifudifudi, kichwa na mikono vikiwa nje ya tezi, maji yakinipanda hadi mabegani. Dakika 25. Kosa lilikuwa langu: kapi ile niliifunga kwa pembe ambayo kamba ililazimika kujisugua ukingoni. Tangu usiku ule, kila siku ya pili nilisogeza kamba shibiri moja, ili isilike mahali pamoja. Ukinunua mtambo huu nunua na kamba za akiba za safari nzima, na kapi nzuri kuliko zile unazokuja nazo.

Jambo la pili, na hili halina dawa: mtambo unafuata upepo, haufuati dira. Usiku wa tano kiliingia kiwingu cha mvua, upepo ukageuka, Ami akageuka nao kwa utii kamili, na mimi nimelala. Nilipoamka dira ilikuwa inaonesha kusini-magharibi, na nyota ya Suheli, ambayo niliiacha ubavuni upande wa kushoto, ilikuwa imesogea karibu na omo. Nilipoteza maili chache, basi. Katikati ya Atlantiki si kitu. Karibu na miamba ni jambo jingine, na karibu na miamba halali mtu.

Kuhusu Suheli: Robin Knox-Johnston, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake bila kutua popote, alitumia chombo cha msaji kilichoundwa Bombay, jina lake Suhaili, jina ambalo mabaharia wa Kiarabu wa Ghuba wanauita upepo wa kusini-mashariki. Alitoka Falmouth Juni 1968, akarudi Aprili 1969. Usukani wake wa upepo ulimvunjikia alipofika upande wa Australia, akamalizia safari kwa kulinganisha matanga na kufunga usukani. Kila usiku niliitazama nyota ile juu ya demani nikamfikiria, kwa sababu mimi kamba moja tu ilikatika na nilitetemeka nusu saa. Mbio zinazofuata nyayo za safari ile zinakataza otopailoti, mtambo wa umeme unaoshika usukani kwa kufuata dira, mpaka leo. Mwaka 2023 mshindi wake alikuwa Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini, mwanamke wa kwanza kuzishinda. Bawa na kasia vinatosha kuizunguka dunia nzima.

Siku ya 12 tukaingia kwenye mwani wa sagasamu. Tangu 2011 mwani huu umezidi sana sehemu hizi za Atlantiki, unatanda kwa mistari mirefu ya rangi ya kahawia inayofuata upepo. Kasia linaukusanya kama reki. Linakuwa zito, linachelewa kujibu, chombo kinaanza kuyumba. Nililivuta kasia juu kwa kamba yake, nikautoa mwani kwa upondo wenye ndoano, nikalishusha. Siku moja nilihesabu mara 14. Kasia langu lina ukingo wa mbele ulio butu, na naamini ukingo uliolala nyuma zaidi ungeuachia mwani uteleze. Waunda mitambo hii waliichora wakati bahari ilikuwa safi, na wanaouza mpya leo wanapaswa kulifikiria hili.

Siku ya 17 na 18 upepo ulishuka hadi noti 6, tena kutoka nyuma moja kwa moja. Chombo kikitembea noti 3, upepo unaobaki kwa bawa ni noti 3, na bawa likawa linaangukaanguka kama mtu mwenye usingizi. Hapo nilitumia otopailoti yangu ndogo ya umeme. Ilifanya kazi vizuri, inashika dira kwa unyoofu ambao bawa haliuwezi. Lakini ilikunywa betri mpaka paneli yangu ya wati 100 ikashindwa kuifikia, na jioni ya siku ya 18 nilizima friji na taa zote isipokuwa ya mlingotini. Inalia usiku kucha pia, mlio wa mbu wa chuma. Ziwepo zote mbili chomboni. Ukiwa na pesa ya moja tu na njia yako ni ndefu, chukua ya upepo. Hata tanga jipya lisubiri.

Mtoto wa dada yangu alinipigia simu nilipofika. "Mjomba, tukifunga hiyo kwenye mashua yetu si tutalala wote?" Nilimwambia ukweli ninaouamini: tanga letu la foromali, lile la pembe tatu linaloning'inia kwenye boriti yake, linavuta kwa nguvu na kwa kubadilika, usukani wake ni mzito, na mashua ina watu sita. Zamu mnazo. Mtambo huu ni wa asiye na wa kumgusa bega.

Mapungufu mengine ni madogo. Una kilo 28 na zote zinaning'inia tezi, kwa hiyo nililazimika kuhamisha nanga ya akiba na makopo ya chakula kwenda omo. Bandarini unatokeza nje kama mkia, na mtu anayeegesha nyuma yako lazima umwonye. Bushi za plastiki ni ghali mno kwa vipande vya ukubwa wa pete. Katika nyota tano naupa nne na nusu. Nusu niliyoikata ni ya mwani.

Siku ya 21, alasiri, Martinique ilitoka majini ikiwa kijani. Nilimfungua Ami kabla ya kuzunguka pembe ya kusini-mashariki, nikashika kana mwenyewe hadi Sainte-Anne. Chombo kiliyumba mikononi mwangu nusu saa nzima kabla sijakumbuka kukisikiliza. Nikatupa nanga kwenye mchanga, mita 4 za maji, nikakaa. Krii, tak, mara moja, kasia lilipoguswa na mawimbi ya boti iliyopita.

Sasa niko Le Marin, hapa hapa Martinique. Nimebadilisha bushi mbili na kapi zote nne, na kasia nimeliondoa nililinoe ukingo kwa faibaglasi. Mwezi wa Mei tunaelekea visiwa vya Azores, njia ambayo upepo wake haukai mahali pamoja. Bawa jipya nimeshalikata, plaiwudi ya milimita 4, nimelibandika utepe mweupe ukingoni ili nilione usiku. Rangi bado haijakauka.